Gari la Mgeni na Kamba ya Jirani

Maneno ya maafisa wa uhusiano wa polisi na jamii mbele ya baraza la wakazi wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo, kaskazini mashariki mwa Uganda



Mmezoea kutuona tukija na mambo mazito. Tukisimama chini ya mti huu, ama tunafuatilia mifugo iliyoibwa ama tunaulizia bunduki. Leo tumekuja kuzungumza habari za magari ya wageni wanaokuja kulala katika mahema. Tulipolitaja jambo hili siku ya kuliandaa baraza, mzee mmoja alicheka, akatuuliza kama polisi tumekosa kazi. Tunamwomba atusikilize mpaka tumalize, kisha aamue mwenyewe.

Tunazungumza Kiswahili kwa sababu hapa wamekaa Wadodoth na Waik, wamo Waacholi waliotoka upande wa Kitgum, na tunawaona ndugu wa Kiturkana waliokuja sokoni wakasikia kuna mkutano. Hakuna lugha nyingine ambayo tungeitumia bila kumwacha mtu nje.

Bonde hili linajulikana kwenu kuliko linavyojulikana kwetu. Lilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1958, likawa hifadhi ya taifa mwaka 1962, na leo lina ukubwa wa kilomita za mraba 1,442. Jina lenyewe mmetuambia ninyi kwamba limetokana na neno la kuokota, kwa kuwa wazee walikuwa wakienda huko kuokota matunda ya mivumo. Tunajua pia kwamba wamo hapa watu ambao babu zao walihamishwa kutoka Narus ili wanyama wapate nafasi. Hatukuja kujifanya hatuijui habari hiyo. Tunaitaja mapema kwa sababu anayeambiwa alinde kitu ana haki ya kukumbukwa alichokitoa.

Kwa miaka mingi wageni wa Kidepo walikuwa wachache, na wengi wao walishuka kwa ndege ndogo au waliletwa na waongozaji waliozijua njia. Siku hizi mambo yamebadilika. Mtu anakodi gari Kampala, gari la fowili lenye hema lililokunjwa juu ya paa, anapakia mke na watoto, majiko na maji, anaendesha mwenyewe zaidi ya kilomita 500 mpaka kwetu. Wengine hupitia Gulu na Kitgum, wengine huzunguka kwa Moroto, Kotido na Kaabong. Hana mwongozaji. Ana ramani ndani ya simu yake. Wengi wao ni watu wema na waangalifu, nasi tunafurahi wakija. Lakini gari likikwama, mtu wa kwanza kulifikia huwa si polisi, wala huwa si askari wa wanyamapori. Huwa ni mmoja wenu.

Sasa tuwaeleze lililotuleta.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi kimoja, wakati mawingu yanapoanza kukaa juu ya milima na mvua bado haijashuka. Baba mmoja, mama, na watoto wao wawili walikuwa wamelala hifadhini siku mbili. Siku ya tatu waliondoka kurudi kwao. Simu ikawaonyesha mstari mwembamba unaokata njia, wakaufuata. Ninyi mngeliwaona mngewaambia kwamba huo mstari ni njia ya ng'ombe, tena ya zamani. Walifika kwenye mto mkavu, gari likaingia mchangani, magurudumu ya mbele yakazama. Dereva akakanyaga mafuta. Alipozidi kukanyaga, ndivyo gari lilivyozidi kujichimbia, hata tumbo lake likalala juu ya mchanga. Saa ilikuwa 10 alasiri.

Wachungaji vijana waliwafikia kwanza. Walikuwa na fimbo zao, kama kawaida. Yule baba alikuwa amesoma mengi ya zamani kuhusu Karamoja, akapandisha vioo, akafunga milango. Vijana wakaona wamedharauliwa. Baadaye akaja kijana wa bodaboda aliyejua maneno machache ya Kiingereza, milango ikafunguliwa, yakaanza mazungumzo ya bei. Kiasi kilichotajwa hatutakisema, maana kila upande ulitusimulia kiasi chake. Tunachojua ni kwamba jua lilizama watu wakiwa bado wanabishana, na watoto wawili wakiwa wamemaliza maji yao.

Habari ilifika katika kituo chetu kimoja. Askari wetu wawili walipanda pikipiki, wakafika saa 2 usiku. Muda si mrefu likatokea lori la nafaka, na dereva wake, kwa moyo mzuri kabisa, akasema atalivuta lile gari bila malipo. Akatoa waya wa chuma. Upande mmoja akaufunga kwenye lori. Upande wa pili akaupitisha kwenye kile kichwa cha chuma cha mviringo kilicho nyuma ya gari dogo, kinachoshikia tela. Watu kiasi cha arobaini walikuwa wamekusanyika, watoto wakiwa mbele, taa za lori zimewaka, kila mtu akitaka kuona. Askari wetu nao walisimama humo humo kati ya watu. Mmoja alikuwa ameshika tochi.

Lori liliondoka kwa kishindo. Waya ukakaza, kile kichwa cha chuma kikakatika, kikaruka pamoja na waya. Kilimpata usoni kijana wa miaka 19 aliyekuwa amejitolea tangu alasiri kuchimba mchanga kwa mikono yake. Alipoteza jicho la kulia.

Na sehemu hii ndiyo inayotuuma zaidi. Wakati watu wakimfunga yule kijana kitambaa, alifika askari mmoja wa wanyamapori aliyekuwa ametumwa kutoka Apoka. Alilizunguka gari mara moja. Akatoa upepo kwenye matairi yote manne, akaomba sepetu, akawapanga vijana wachimbe mbele ya kila gurudumu na chini ya tumbo la gari, wakatandika matawi. Akakaa kwenye usukani, akatia gia nzito, akalitoa gari polepole. Halikuvutwa na kitu chochote. Ilichukua muda mfupi kuliko ule uliotumika kubishana bei. Gari hilo hilo ndilo lililompeleka kijana hospitali usiku ule.

Hakuna mtu aliyefanya uovu mahali pale. Baba yule aliogopa, vijana walitaka malipo ya jasho lao, dereva wa lori alitaka kusaidia. Kosa kubwa lilikuwa letu, kwa kuwa sisi ndio tuliovaa sare, na neno moja tu la sare, rudini nyuma, lingetosha. Halikusemwa, kwa sababu askari wetu hawakujua kwamba waya uliokaza ni silaha. Hawakuwa wamefundishwa. Tangu siku hiyo tumejifunza, na tuliyojifunza hatuwezi kukaa nayo kituoni.

Tuanze na matairi, maana hapo ndipo mambo mengi huharibikia au kutengenea. Tairi la gari kubwa linalokwenda kwenye lami huwa na upepo wa vipimo 35 hivi, wakati mwingine zaidi. Likiwa gumu namna hiyo huingia mchangani kama kwato la mbuzi. Likishushwa mpaka 20, au 18 mchanga ukiwa mwingi, hulala chini, likatanuka na kurefuka, likakanyaga kama unyayo wa ngamia. Ndugu zetu Waturkana hawahitaji kuelezwa tofauti ya nyayo hizo. Gari likishatoka mchangani lirudishiwe upepo wake kabla ya kukimbia, kwa sababu tairi laini kwenye mawe hukatika, na kwenye mwendo mkubwa hupata moto au huvuka rimu. Kwa hiyo mgeni asiye na pampu ndani ya gari hana ruhusa ya kutoa upepo. Au, tuseme, ruhusa anayo, lakini atafika Karenga akitembea kwa mwendo wa punda.

Jambo la pili ni mguu wa dereva. Gurudumu likianza kuzunguka pale pale bila gari kusogea, aache mara moja. Kila mzunguko ni sepetu moja ya mchanga anayojichimbia mwenyewe. Ninyi mnaofika kwanza mnaweza kumwambia neno hili hata kwa ishara ya mkono: tulia. Fowili inasaidia, lakini inapaswa iwashwe kabla ya kuingia mtoni, si baada ya kukwama. Na tumeona kwamba wenye magari hafifu hukwama karibu na barabara, mahali penye watu. Wenye fowili hujiamini, wakaenda kukwama mahali ambapo hata mbwa habweki.

Udongo mweusi ni habari nyingine. Huo hauna dawa ya upepo wala ya matawi. Ukilowa, hujaza tairi mpaka likawa kama tikiti lililopakwa sabuni, na gari la fowili huteleza sawa na la kawaida. Dawa yake ni jua. Mgeni akikwama kwenye udongo mweusi baada ya mvua, msimvute. Mpeni maji, mwambieni asubiri mpaka kesho saa 5. Atakasirika, kisha atawashukuru. Na akipita pembeni ili kukwepa tope, atafungua njia mpya, anayefuata ataipanua, na baada ya msimu mmoja mahali palipokuwa na malisho patabaki makovu ya matairi yanayogeuka kuwa makorongo mvua ikija. Ndiyo maana ndani ya hifadhi ni marufuku gari kuacha njia, hata kama simba amelala hatua ishirini tu kutoka hapo.

Kuhusu mito mikavu, tunasema kwa ukali kidogo. Mto Kidepo ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, mchanga mweupe, mpana, wenye mivumo kingoni. Mgeni akiuona anaona kitanda. Hapana mahali pazuri kama pale pa kutandika hema, na hapana mahali pabaya zaidi. Mvua hunyesha milimani, pengine msiisikie hata ngurumo yake, na maji yakaja usiku yakiwa na magogo. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 30 tu, gari dogo huelea. Yakifika sentimita 60 yanaweza kubeba hata hayo makubwa yanayotamba. Maji yasiyoonekana chini yake hayavukwi. Yule familia tuliyoisimulia ilikuwa imekusudia kulala pale pale mtoni ndani ya gari ikiwa watashindwa kutoka. Usiku ule haikunyesha milimani. Ilinyesha usiku wa pili yake.

Sasa kamba. Tunaomba vijana wasogee karibu, maana hapa ndipo tunapopoteza watu.

Gari lisivutwe mpaka limechimbuliwa. Likichimbuliwa vizuri, mara nyingi halihitaji kuvutwa kabisa. Ikibidi kuvuta, kamba ifungwe kwenye ndoano au pete iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, iliyoshikamana na fremu ya gari. Isifungwe kamwe kwenye kile kichwa cha mviringo cha tela, wala kwenye bampa, wala kwenye vyuma vya usukani. Kichwa cha tela kimetengenezwa kuvuta tela linalobingirika, hakikutengenezwa kustahimili kishindo. Kikikatika huruka kama risasi, na tunalitumia neno hili tukijua uzito wake hapa Karamoja. Kamba ikishafungwa, katikati yake pawekwe kitu kizito na laini, blanketi, koti, hata gunia lenye mchanga kidogo, ili ikikatika iangushwe chini isiruke. Lori liondoke polepole mpaka kamba ikaze ndipo livute, lisirukie mbio. Asiwepo mtu wa kuivuka kamba iliyokaza. Na watu wote wakae mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe mara mbili, tena kwa ubavuni, si mbele wala nyuma. Kama kamba ni hatua kumi, mtu wa karibu asimame hatua ishirini. Watoto warudi nyumbani. Tunajua ni vigumu. Gari lililokwama ni sinema ya bure. Lakini askari yeyote wa kwetu atakayefika mahali kama pale, kazi yake ya kwanza sasa ni watu, halafu gari, na mkimwona ameshika tochi anatazama, mkumbusheni. Tumewapa ruhusa hiyo mbele ya wakubwa wetu.

Mambo ya kambi yenyewe tutayapita haraka, kwa sababu hifadhini yana wenyewe. Mgeni alale katika kambi iliyotengwa na iliyoandikishwa, si popote anapopapenda. Chakula kisikae ndani ya hema. Matunda, na hasa machungwa, yafungiwe garini, kwani tembo huyanusa kutoka mbali, na ukuta wa hema kwake si ukuta. Viatu visiachwe nje, fisi huvitafuna. Usiku hakuna kutembea, hata kwenda msalani bila kumulika kwanza kila upande. Moto uwashwe mahali pake tu na uzimwe kwa maji na mchanga mpaka mkono uweze kulala juu ya majivu. Hili la moto linawahusu ninyi moja kwa moja, kwa sababu nyasi za kiangazi hazijui mpaka wa hifadhi, na moto wa mgeni mmoja unaweza kula malisho ya vijiji viwili. Wanaouza kuni karibu na barabara, tunawaomba waiuzie kambi miti iliyokufa tu. Tumeona magogo mabichi ya mgunga yakiuzwa, na anayeyauza anajijua.

Taka zirudi na aliyezileta. Tumeshakuta ng'ombe aliyekufa kwa kumeza mifuko ya plastiki, na mwenye ng'ombe hakuwa na mtu wa kumdai.

Tufike kwenye mpaka, jambo ambalo wageni hawalielewi na sisi tumelizoea mno.

Mpaka wetu na Sudan Kusini hauna uzio. Kanangorok, zile chemchemi za maji moto ambazo kila mgeni anataka kuziona, ziko ng'ambo ya Mto Kidepo, karibu sana na mpaka huo. Mtu asiende huko bila askari wa wanyamapori mwenye silaha ndani ya gari, wala asiende mchana ukiwa umeshapita. Gari likiharibika kule saa 11 jioni, hakuna atakayelifikia kabla ya giza. Simu nako hupotea, au hushika mtandao wa nchi jirani, na mgeni akapiga namba asipate mtu. Upande wa mashariki, njia zinazoelekea Kenya ni nyingi kuliko zile zinazotambuliwa na serikali. Mchungaji huvuka akifuata maji, na wazee wa pande zote mbili wanajuana. Mgeni akivuka hivyo hivyo na gari la kukodi, amevunja sheria ya nchi mbili kwa mara moja: yake haikupigwa muhuri wa kutoka wala wa kuingia, na bima ya gari huenda imekoma pale pale alipovuka bila kujua. Akiwauliza njia ya mkato, msimwonyeshe, hata kama anawapa zawadi. Mwelekezeni kwenye kituo chenye uhamiaji. Na mkiona gari la kigeni linazunguka nje ya njia jioni, lenye wageni au lenye watu msiowaelewa, tuleteeni habari. Wageni waliopotea na watu wenye nia mbaya huonekana sawa kwa mbali. Hatukusahau kwamba Oktoba 2023, katika hifadhi nyingine ya nchi yetu iliyo mpakani upande wa magharibi, watalii wawili na mwongozaji wao waliuawa na watu wenye silaha. Hatuwatishi kwa habari hiyo. Tunawaambia kwa nini tunauliza maswali.

Tumebakiwa na suala la malipo, na hapa tunajua tunakanyaga penye miiba.

Watu wa bara letu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, wenyeji wanapona: asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi hurudishwa kwa jamii zinazopakana nayo, na zipo shule na zahanati zilizojengwa kwa fedha hizo. Lakini kijana aliyeshinda juani akichimba mchanga hawezi kula asilimia. Hatusemi asilipwe. Jasho lina bei. Tunachoomba ni mpangilio wa mambo: kwanza watoto na wagonjwa watolewe juani na wapewe maji, pili habari ipelekwe kwa mwenyekiti na kituoni, tatu gari lichimbuliwe, na bei izungumzwe mbele ya mwenyekiti, iandikwe katika daftari. Vijiji viwili vimeshakubaliana bei moja ya kazi hiyo, inayojulikana mapema, na mwenye gari hupewa karatasi. Tangu wafanye hivyo hatujapata malalamiko kutoka upande wowote. Namba zetu za dharura ni 999 na 112, hazina malipo. Pale ambapo simu haishiki, bodaboda mmoja aende, na mafuta yake yaandikwe katika daftari hilo hilo.

Wageni nao wana wajibu wao, na tumeomba langoni waambiwe: waandikishe wanakopita na saa wanayotarajia kufika, wawe na sepetu, pampu, tairi la akiba, maji ya siku mbili, na wasisafiri gari moja pekee msimu wa mvua. Na wakiwaona wachungaji, washushe vioo wasalimie.

Baada ya ajali ile tulikwenda kumwona mama wa yule kijana. Alituketisha, akatupa maji, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: mgeni amerudi kwao, lori limekwenda zake, nanyi mmerudi kituoni, jicho la mwanangu nani atalidai? Hatukuwa na jibu zuri. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 imeweka fidia kwa mtu aliyejeruhiwa na mnyama nje ya hifadhi. Angeumizwa na tembo, tungejua karatasi ya kujaza. Haisemi lolote kuhusu waya. Njia iliyokuwepo ilikuwa ni bima ya lazima ambayo kila gari linalotembea barabarani Uganda hupaswa kuwa nayo, na bima hiyo hudaiwa kwa taarifa ya polisi. Usiku ule askari wetu hawakuandika namba ya lori. Walihangaika na majeruhi, jambo ambalo hatuwalaumu kwalo, lakini kulipokucha lori lilikuwa limekwenda. Namba ya gari la wageni tulikuwa nayo, na familia ile, tuiseme kwa haki, ilirudi kuchangia matibabu. Gari la lori halikupatikana mpaka leo.

Kwa hiyo daftari la kijiji lina ukurasa wa pili: namba ya kila gari linaloshiriki kuvuta, jina la dereva, na jina la kila kijana aliyefanya kazi. Iandikwe kabla ya kamba kufungwa. Mwenyekiti asiyejua kuandika amwite mtoto wa shule.

Jumamosi ijayo, saa 3 asubuhi, tutakutana kwenye mto mkavu ulio chini ya shule. Askari wa wanyamapori wataleta gari, tutalikwamisha kwa makusudi, na vijana watalitoa. Yule kijana amekubali kuja kufundisha sehemu ya kamba. Alituambia ataanza kwa kuwapanga watu mahali pa kusimama. Njooni na sepetu zenu, na wenye kamba waje nazo tuzikague.